ECG imetoka safi, kifua bado kinabana: msongo wa mawazo unaufanya nini moyo?

Swali: Daktari, mimi ni mwanamke wa miaka 47. Mwaka huu mambo yameniandama. Kazini wenzangu walipunguzwa na kazi zao nikarundikiwa mimi, nyumbani namuuguza mama aliyepata kiharusi. Sasa ni miezi miwili nikilala moyo unanienda mbio, mara unadunda kwa nguvu kisha kama unaruka pigo, na kifua kinabana. Nilipimwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ikatoka safi, nikaambiwa ni mawazo tu, niyapunguze. Nitayapunguzaje na mama yuko kitandani? Na je, ni kweli mtu anaweza kufa kwa mawazo, au ni maneno ya watu?

Jibu: Dada yangu, pole kwa kuuguza na pole kwa kazi. Nianze na swali lako la mwisho, maana nahisi ndilo linalokunyima usingizi. Ni kweli, msongo wa mawazo unaweza kumuua mtu kupitia moyo, na jambo hilo limechunguzwa kwa takwimu na kwa mashine. Lakini karibu kila mahali lilikochunguzwa, walioathirika zaidi ni wale ambao mishipa yao ilikuwa imeshaharibika, wengi wao bila kujua. Ndiyo maana ningekuwa na nafasi ya kukuuliza jambo moja tu, ningeuliza presha yako ni ngapi kabla ya kuuliza una mawazo kiasi gani. Umeniandikia mengi, presha hukuitaja.

Chukua mfano wa tetemeko la ardhi. Tarehe 17 Januari 1994, saa kumi na nusu alfajiri, ardhi ilitikisika Northridge, katika eneo la Los Angeles, Marekani. Watafiti walipopekua kumbukumbu za vifo walikuta kwamba vifo vya ghafla vilivyotokana na maradhi ya mishipa ya moyo, ambavyo wiki iliyotangulia vilikuwa wastani wa 4.6 kwa siku, siku ile vilifika 24. Waliokufa wakiwa wanakimbia au kunyanyua vitu vizito walikuwa wachache sana. Wengi iliwaondoa hofu. Kinachonifikirisha zaidi ni siku zilizofuata: vifo vya aina hiyo vilishuka hadi chini ya kiwango cha kawaida. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba hofu iliwawahi watu ambao mioyo yao ilikuwa ukingoni tayari.

Miaka 12 baadaye, wakati wa Kombe la Dunia la 2006 huko Ujerumani, madaktari wa München na vitongoji vyake walihesabu wagonjwa wa dharura za moyo. Siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza, dharura hizo zilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida, na ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwa watu waliokuwa wakijulikana kuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo.

Msiba nao umepimwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika saa 24 za kwanza baada ya kufiwa na mtu wa karibu, hatari ya mshtuko wa moyo hupanda mara 21, kisha hushuka siku hadi siku. Mara 21 inatisha ukiisoma peke yake. Watafiti walewale waliigeuza kuwa idadi ya watu. Kwa watu ambao hatari yao ya kupata mshtuko wa moyo ndani ya miaka 10 ni ndogo, asilimia 5, wiki ya kwanza ya msiba huongeza mshtuko mmoja kwa kila watu 1,394. Kwa wenye hatari kubwa, asilimia 20, ni mmoja kwa kila watu 320. Huzuni ni ileile, hesabu imebadilika zaidi ya mara nne.

Kwa nini iwe hivyo? Ubongo ukihisi hatari, hauchagui kama hatari hiyo ni chui au ni barua ya kuachishwa kazi. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini, mapigo hupanda, presha hupanda, ini hutoa sukari kwenye damu, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, huanza kunata. Mpango mzuri ikiwa utapigana au utakimbia na pengine kujeruhiwa. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Marekani, aliueleza zaidi ya miaka 100 iliyopita, na hatujaupinga mpaka leo.

Sasa moyo unaofanya kazi zaidi unahitaji damu zaidi. Mshipa wa moyo ulio mzima hutanuka na kuipitisha. Mshipa wenye utando wa ndani ulioharibiwa na presha, sigara, kisukari au mafuta umepoteza uwezo wa kutoa ile kemikali inayoulegeza, kwa hiyo adrenalini ileile badala ya kuufungua inaubana. Hili limeonekana kwa macho: wagonjwa wamelazwa kwenye mashine ya picha za mishipa, wakapewa hesabu za kichwa huku wakiharakishwa. Sehemu laini za mishipa zilitanuka au zilibaki vilevile, na sehemu zenye makovu na mafuta zikajikunja. Ni mtu yuleyule, hesabu ileile, dakika ileile.

Majaribio ya aina hii yana jambo jingine ambalo wagonjwa huwa hawaliamini. Mtu mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kuketi kitini, akaambiwa atoe 7 kwenye namba kubwa, kisha atoe 7 tena na tena, huku mtu mwenye koti jeupe akimwambia amekosea, aanze upya. Mapigo yake hayafiki hata yale ya kupanda ngazi, lakini picha zinaonyesha sehemu ya moyo imekosa damu. Ukimuuliza kama anasikia maumivu, mara nyingi atakwambia hasikii kitu. Hivyo kutosikia maumivu wakati wa hasira si uthibitisho kwamba moyo umepita salama. Na pigo la mwisho ni hili: presha inapopanda ghafla, lile tabaka la mafuta lililojishikiza kwenye ukuta wa mshipa linaweza kupasuka, chembe sahani zilizokwisha kuwa na haraka ya kunata zikajaa pale, bonge la damu likaziba njia. Huo ndio mshtuko wa moyo wenyewe.

Haya ni ya dakika na saa. Yako ni ya mwaka mzima, na hapo njia inakwenda polepole zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya watu 293 waliopigwa picha za ubongo na mishipa kwa pamoja. Wale ambao amigdala yao, sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu, ilikuwa ikifanya kazi sana, ndio ambao uboho wao, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza chembe za damu, ulionekana kuchangamka zaidi, kuta za mishipa yao zikawa na dalili zaidi za kuwaka na kuvimba, na ndio waliokuja kuugua zaidi moyo na kiharusi katika miaka iliyofuata. Ukiufuata mnyororo huo unaelewa: hofu inayokaa inauamuru uboho uzalishe chembe nyeupe zaidi, nazo zinakwenda kujipenyeza kwenye mafuta yaliyoko mishipani na kuyafanya yawe tepetepe, rahisi kupasuka. Walikuwa watu wachache, sitaki kuujenga ulimwengu juu yao, lakini kimwili maelezo hayo yana mantiki.

Kisha kuna njia ambayo haina ajabu yoyote, na ambayo mimi naipa uzito mkubwa kuliko zote. Mtu mwenye msongo analala kwa muda wa saa nne tu. Anaacha kutembea kwa sababu muda haupo. Aliyeacha sigara anairudia. Na hapa nieleze kwamba utulivu anaoupata mvutaji kwenye sigara kwa sehemu kubwa ni kutulizwa kwa kiu ya nikotini iliyoletwa na sigara iliyopita, huku kila moja ikibana mishipa na kuinua mapigo. Anasahau vidonge vya presha. Anakunywa pombe ili alale, kisha anaamka saa tisa za usiku moyo unadunda. Ukiyajumlisha haya kwa mwaka mmoja, hauhitaji amigdala kueleza kwa nini presha imepanda.

Kuhusu ukubwa wa hatari, niseme kwa haki. Utafiti wa INTERHEART, uliochapishwa mwaka 2004, uliwalinganisha watu zaidi ya 11,000 waliopata mshtuko wa moyo wa kwanza na wengine zaidi ya 13,000 wasioupata, katika nchi 52. Waliosema walikuwa na msongo wa kudumu walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili. Ila wagonjwa hao waliulizwa wakiwa wameshaugua, na mtu aliyeponea chupuchupu hutafuta sababu, hukumbuka magomvi ambayo jirani yake mzima ameshayasahau. Tafiti zilizowaandikisha watu wakiwa wazima kisha zikawafuatilia hutoa namba ndogo zaidi: mwaka 2012, takwimu za watu karibu 200,000 wa Ulaya zilionyesha kwamba kazi inayomdai mtu mengi na kumpa uhuru mdogo wa kuamua huongeza hatari kwa asilimia 23 hivi. Sigara inashinda hapo kwa mbali. Ninapendelea hiyo namba ya pili, na ninakuandikia kwa sababu naona wagonjwa wengi wanaogopa mawazo kuliko wanavyoiogopa presha ya 160.

Na yule asiye na ugonjwa wowote wa mishipa, je, huzuni inaweza kumwangusha? Inaweza, kwa njia ambayo madaktari wa Japani waliieleza mwaka 1990 na kuiita takotsubo, kwa kuwa chumba cha kushoto cha moyo kikivimba nchani na kubana shingoni hufanana na mtungi wanaonasia pweza. Baada ya habari mbaya, ugomvi mkali au hata upasuaji, misuli ya moyo hulemewa na wimbi la adrenalini na sehemu yake hugoma kusukuma. Mgonjwa anakuja na maumivu ya kifua, ECG imebadilika, damu inaonyesha moyo umeumia, lakini mishipa ikipigwa picha haina kizuizi cha kueleza hali hiyo. Takriban tisa kati ya kumi ni wanawake, na wengi wamekwisha kukoma hedhi. Wengi hupona ndani ya wiki chache. Baadhi hupata mapigo hatari au moyo kushindwa kazi siku za mwanzo, na wapo wanaofariki. Dalili zake hazitofautishwi na za mshtuko wa moyo ukiwa nyumbani. Asikudanganye mtu kwamba maumivu yaliyokuja baada ya msiba ni huzuni, yatapita.

Nije kwako sasa. ECG ya sekunde chache ukiwa umelala na huna dalili inasema moyo wako ulikuwaje sekunde hizo. Haisemi mishipa ikoje, na haiwezi kunasa pigo lililoruka saa sita za usiku. Aliyekupima hakukosea kukwambia imetoka safi, na huenda kweli chanzo ni msongo. Lakini neno hilo linapaswa kuja mwishoni, baada ya mengine kuondolewa, na katika umri wa miaka 47 mengine yako kadhaa.

La kwanza ni tezi ya shingoni. Ikizidisha homoni, inaiga msongo kwa kila kitu: moyo mbio, mikono kutetemeka, usingizi kukata, joto, uzito kupungua. Kipimo chake ni cha damu. La pili ni upungufu wa damu, hasa kama hedhi zako siku hizi ni nzito. Moyo hukimbia kufidia. La tatu ni kukaribia kukoma hedhi kwenyewe, kipindi ambacho wanawake wengi husikia moyo ukidunda usiku, pamoja na joto la ghafla na jasho. La nne ni tindikali ya tumbo inayopanda, kwa kuwa umesema kifua kinabana ukilala. Kama kuna kuungua, au mdomo kuwa mchungu asubuhi, litaje. Yapo na mapigo ya ziada, ambayo ndiyo yanayoleta hisia ya pigo kuruka. Kwa moyo usio na ugonjwa, kwa kawaida hayana madhara, na huongezeka kwa kukosa usingizi na kahawa. Kama yanakuja karibu kila usiku, omba kile kifaa kinachovaliwa saa 24 au zaidi kurekodi mapigo. Sukari na mafuta ya damu yapimwe siku hiyohiyo.

Kuna swali moja nataka ujijibu kwa ukweli: ukipanda ngazi au ukimgeuza mama kitandani, kifua kinabana? Kubana kunakokuja na kazi na kuondoka ukipumzika kunatia shaka mishipa hata kama ECG ya kupumzika ni safi, na hapo utahitaji kipimo cha moyo ukiwa unafanya mazoezi au picha ya mishipa. Kubana kunakokuja ukiwa umelala unawaza na kusikokuja kabisa ukiwa kwenye shughuli kunatuliza zaidi, ingawa hakumalizi mjadala.

Kuna hali ambayo hutakiwi kusubiri miadi. Kifua kikibana au kulemea kwa zaidi ya dakika 15, au maumivu yakienda mkononi, tayani, mgongoni, au ukatokwa jasho baridi, ukatapika, pumzi ikakata, ukazimia, nenda idara ya dharura saa hiyohiyo, na usijiendeshe gari. Shambulio la hofu nalo huleta mapigo, jasho na hisia ya kufa, kwa kawaida likifikia kilele ndani ya dakika 10 kisha likaanza kushuka, mara nyingi na ganzi za vidole na midomo. Hufanana mno na mshtuko wa moyo, na kazi ya kutofautisha ni ya kipimo cha damu cha troponini, kinachorudiwa baada ya saa chache, pamoja na ECG. Wanawake na wenye kisukari hukosa mara nyingi zaidi kuliko wengine yale maumivu ya kushika kifua yanayoonyeshwa kwenye filamu. Wao wanaweza kuja na uchovu usioelezeka, kichefuchefu na pumzi fupi tu, na ndio hao hao wanaorudishwa nyumbani.

Presha uipime nyumbani, maana ya kliniki kwa mtu mwenye hofu inaweza kupanda kwa sababu ya kliniki. Nenda haja ndogo kwanza. Kusiwe na kahawa wala sigara kwa nusu saa. Kaa kitini dakika 5 bila simu, mgongo umeegemea, miguu miwili sakafuni bila kukunja nne, mkono umelala mezani usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya nguo, na usiongee mashine ikifanya kazi. Pima mara mbili ukipishanisha dakika moja, asubuhi na jioni, siku 7. Namba za siku ya kwanza zitupe, zilizobaki zitafutie wastani. Ukifika 135 kwa 85 au zaidi, una presha, iwe imeletwa na mawazo au na urithi, na inatibiwa vilevile.

Sasa ushauri wa kupunguza mawazo. Umeuliza utayapunguzaje na mama yuko kitandani, na uko sahihi: huwezi kujiamuru kutowaza. Unachoweza kupunguza ni muda ambao mwili unakaa kwenye hali ya hatari. Kutembea kwa haraka dakika 30 siku tano za wiki, hata ukizikata vipande vya dakika 10, kunashusha presha, kunaleta usingizi na kunauzoesha moyo kushuka upesi baada ya kupanda. Ikibidi nichague kimoja tu kwa mtu mwenye saa chache, nachagua hicho. Usiku moyo ukianza, keti, vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita, dakika tano mfululizo. Hiyo ni pumzi sita kwa dakika, mwendo unaouamsha neva ya vagasi, ile inayopunguza kasi ya moyo. Haitamaliza matatizo ya kazini, ila mapigo utayaona yanashuka.

La uuguzi liwekee zamu. Ndugu wakikwambia "ukihitaji msaada sema", wape siku na saa: wewe Jumamosi asubuhi, wewe usiku wa Jumatano. Mwuguzaji asiye na usiku hata mmoja wa kulala wiki nzima hatatulizwa na mazoezi ya pumzi.

Kama zaidi ya mawazo unaona hakuna kinachokufurahisha, unaamka alfajiri na kutorudi usingizini, unajiona huna thamani, kwa wiki mbili au zaidi, hiyo inaweza kuwa sonona na inatibika kwa mazungumzo, kwa dawa, au vyote. Itibiwe kwa ajili yako wewe. Nasema hivyo kwa kuwa jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2003, la wagonjwa karibu 2,500 waliotoka kupata mshtuko wa moyo, lilionyesha kwamba kutibu sonona kuliwapunguzia huzuni lakini hakukupunguza vifo. Habari nzuri zaidi ilikuja mwaka 2016: wagonjwa 151 wa moyo waliokuwa kwenye mazoezi ya kurejesha afya, nusu yao wakaongezewa mafunzo ya kikundi ya kukabili msongo. Katika miaka iliyofuata, asilimia 18 ya waliopata mafunzo walipatwa na tukio baya la kiafya, dhidi ya asilimia 33 ya wasioyapata. Ni kundi dogo, lakini angalia kwamba mafunzo yaliwekwa juu ya mazoezi na matibabu, hayakuwekwa badala yake.

Vidonge vya usingizi na vya kutuliza, vile vya kuazimana, viache. Mwili huvizoea upesi na kuviacha huleta mapigo yaleyale unayoyakimbia. Ukiandikiwa dawa inayopunguza kasi ya mapigo, usiikatishe ghafla siku utakayojisikia nafuu, kwa kuwa moyo unaweza kurudi mbio kuliko mwanzo. Muulize daktari namna ya kuishusha taratibu. Na ukirudi kwake, nenda na karatasi yenye wastani wa presha wa siku 7, saa ambazo moyo ulidunda na ulikuwa ukifanya nini, tarehe ya hedhi ya mwisho, na kama kwenu yuko mwanamume aliyepata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55 au mwanamke kabla ya 65. Kiharusi cha mama kitaje pia, pamoja na umri aliokuwa nao kilipompata.